Mikono ya Mmoja, Sauti ya Mwingine: Historia ya Sauti Zilizonaswa na Deni kwa Waliozitoa

Msomaji wa jarida hili aweza kushangaa kukuta humu makala juu ya mitambo ya muziki. Hata hivyo, katika sharika zetu nyingi haipiti Jumapili bila mpiga kinanda wa kwaya kubonyeza kitufe kimoja na kutoa sauti ya filimbi, ya tarumbeta, ya ogani, au ya watu waimbao, ilhali kanisani hamna filimbi wala tarumbeta, na waimbaji wale hawapo. Walikuwapo mahali pengine, siku nyingine, mbele ya kinasa sauti. Tunakusudia kueleza hapa jinsi sauti hizo zilivyopata kutengwa na vifua na mikono iliyozitoa, zikawekwa chini ya vidole vya watu wengine. Na kuuliza, kwa kadiri historia yenyewe inavyotulazimisha kuuliza, ni nani aliyelipwa kwa ajili yake.

Sura ya 27 ya kitabu cha Mwanzo yatuonyesha Isaka, aliyepofuka kwa uzee, akimpapasa mwanawe na kutambua kwamba sauti na mikono havipatani. Masikio ya mzee yule hayakumdanganya. Alipotea pale alipoamini mikono kuliko sauti. Kinanda cha sauti zilizonaswa chatuletea hali hiyo hiyo kila siku: mikono ni ya mmoja, sauti ni ya mwingine. Hatusemi, la hasha, kwamba kila apigaye kinanda ana hila ya Yakobo. Twasema tu kwamba mwenye sauti hayupo chumbani kujitetea.

Lugha yetu wenyewe imeitangulia historia hii. Katika Kiswahili cha zamani cha pwani, kinanda kilikuwa ala ya nyuzi, ndogo, ya kubebwa mkononi. Zilipokuja meli na misheni, jina likapanuka: harmoniamu ya wamisionari ikaitwa kinanda, ogani ikaitwa kinanda, na hata mashine ya kupigia santuri, ambayo haipigwi na mtu bali hurudia tu kile kilichopigwa na wengine, nayo ikaitwa kinanda. Wazungu walikuwa na majina mbalimbali kwa ala ya kupiga na kwa mashine ya kurudia. Sisi tulikuwa na jina moja. Na mtambo tunaouzungumzia ni vyote viwili kwa wakati mmoja.

Kuiga kabla ya kunasa

Kuiga sauti si jambo geni katika kanisa la Kilutheri. Waunda ogani wa Ujerumani ya Kaskazini, ambao mkuu wao kwa sifa alikuwa Arp Schnitger (1648–1719), waliyapa mabomba yao majina ya vitu ambavyo havikuwa mabomba: Trompete kwa tarumbeta, Viola da Gamba kwa ala ya nyuzi, Vox Humana kwa sauti ya mwanadamu. Hakuna aliyedanganyika. Vox Humana haikufanana na mwanadamu kiasi cha kumfanya mtu ageuke kumtafuta mwimbaji. Ilikuwa sifa ya fundi kwa kitu alichokipenda, iliyotengenezwa kwa bati, risasi na upepo. Fundi alimsikiliza mwimbaji, kisha akaenda karakanani kuhangaika kwa mikono yake mwenyewe. Hakuchukua chochote kutoka kwa mwimbaji.

Katika dibaji aliyoiandikia mkusanyo wa nyimbo uliochapishwa na Georg Rhau huko Wittenberg mwaka 1538, Dakta Luther alistaajabia kwamba hata hewa, isiyoonekana wala kushikika, haikunyimwa sauti, maana ikisukumwa huweza kusikika. Maneno hayo yanafaa sana kwa ogani, ambayo kwa asili yake ni pafu kubwa. Lakini Luther hakuweza kuwazia siku ambapo mtikisiko wa hewa ungetunzwa kama nafaka ghalani, ukatolewa tena wakati hewa ile imekwisha kutulia na aliyeisukuma amekwisha kufa.

Utepe chini ya kila kibonyezo

Kwanza sauti zilinaswa ili kusikilizwa tu. Wazo la kuzipanga ili zipigwe kama ala lilianza kuonekana katikati ya karne ya 20. Mjini Paris, Oktoba 1948, redio ilitangaza kazi ya Pierre Schaeffer iliyoundwa kwa milio ya garimoshi iliyonaswa katika santuri. Schaeffer alitaka tusikie garimoshi pasipo kuliwaza garimoshi. Huko California, katika miaka hiyo hiyo, mtu mmoja aitwaye Harry Chamberlin alifuata njia ya ulimwengu zaidi. Alitengeneza kinanda ambacho chini ya kila kibonyezo palikuwa na utepe wa sumaku, na katika utepe ule noti moja iliyopigwa na mpigaji wa kweli. Miongoni mwao walikuwa wanamuziki wa bendi ya Lawrence Welk, iliyojulikana sana Marekani kwa njia ya televisheni.

Mwaka 1962 muuzaji wake, Bill Fransen, alivuka bahari na vinanda viwili hadi Uingereza, akawaonyesha ndugu watatu wa ukoo wa Bradley waliokuwa na karakana mjini Birmingham. Mwaka uliofuata ndugu wale walitoa kinanda chao, Mellotron, kilichofanana mno na kile cha California. Chamberlin hakuwa na habari. Alipogundua alikasirika, na baadaye pande mbili zikapatana kwa malipo. Basi mtambo uliobuniwa kwa ajili ya kunakili sauti za watu ulianza maisha yake ya biashara kwa wenyewe kunakiliwa, na mtengenezaji wake akadai haki ambayo wapigaji wa zile tepe hawakuwa na njia ya kuidai.

Utepe wa Mellotron ulidumu sekunde 8 hivi. Kidole kikishikilia zaidi ya hapo, sauti hukatika, na utepe hurudishwa mwanzo na springi. Wapigaji wengi walilalamikia udhaifu huo. Sisi twaona ndani yake kumbukumbu ya mwili: aliyepuliza filimbi ile naye alikuwa na pumzi yenye mwisho. Vinanda vilivyofuata viliondoa kikomo hicho, na pamoja nacho dalili ya mwisho kwamba kuna mtu aliyekuwa anapumua.

Chama cha wanamuziki cha Uingereza hakikuchelewa kutambua hatari. Kiliona kwamba mtu mmoja mwenye Mellotron angeweza kuchukua mahali pa kundi zima la wapiga fidla katika ukumbi wa dansi, na kikajaribu kuwekea matumizi yake mipaka. Wasomi wa baadaye wamewacheka viongozi wale kuwa maadui wa maendeleo. Hatuoni sababu ya kuwacheka. Waliuliza swali la ujira mapema kuliko makanisa.

Hesabu badala ya utepe

Hatua iliyofuata yatuhusu kwa karibu, kwa sababu ilitoka kanisani. Mwaka 1971 kampuni ya Allen Organ ya Pennsylvania, jimbo la Marekani ambalo Walutheri wamekuwamo tangu karne ya 17, ilianza kuuza ogani iliyotumia vipande vya elektroniki vilivyobuniwa na North American Rockwell, kampuni iliyohusika na vyombo vya safari za mwezini. Ndani yake hapakuwa na utepe. Umbo la wimbi la sauti ya bomba liligeuzwa kuwa tarakimu, tarakimu zikahifadhiwa, na mtambo ukazirudia upesi mno hata sikio likasikia sauti iendeleayo. Aliyetaka sauti za ziada alichomeka kadi yenye matundu. Ala hiyo yahesabiwa kuwa ya kwanza ya kidijitali kuuzwa sokoni, na wanunuzi wake walikuwa hasa makanisa yasiyoweza kugharimia mabomba. Wapenzi wa muziki wa dansi hudhani kwamba teknolojia hii ni mali yao iliyoingia kanisani kwa mlango wa nyuma. Kwa kiasi fulani mambo yalikuwa kinyume.

Kanuni yenyewe si ngumu. Mtambo hupima msukumo wa hewa unaofika kwenye kipaza sauti, mara maelfu kwa sekunde moja; katika diski za CD, zilizotoka mwaka 1982, ni mara 44,100. Kila kipimo huitwa sampuli, na kwa kupanua maana, kipande chote cha sauti kilichonaswa hivyo chaitwa sampuli pia. Mwaka 1979 Peter Vogel na Kim Ryrie wa Sydney, Australia, walitoa Fairlight CMI, kompyuta yenye vibonyezo ambayo iliweza kunasa sauti yoyote, mlio wa mbwa au kioo kivunjikacho, na kuipiga juu au chini kama noti. Bei yake ilikuwa kama ya nyumba. Mwaka 1981 ikafuata Emulator ya kampuni ya E-mu, kwa bei nafuu zaidi. Na mwaka 1984 kinanda cha Ray Kurzweil, kilichozaliwa kutokana na mazungumzo yake na mwimbaji kipofu Stevie Wonder, aliyetamani kuona uwezo wa kompyuta ukiunganishwa na uzuri wa ala za asili. Lugha ya pamoja ya vinanda, MIDI, ilipatikana mwaka 1983.

Twaomba msomaji atulie kidogo kwenye sauti moja ya Fairlight. Miongoni mwa sampuli zilizouzwa pamoja nayo palikuwa na kishindo kimoja cha okestra nzima, kilichokatwa kutoka rekodi ya The Firebird, kazi ya Igor Stravinsky ya mwaka 1910. Kishindo kile kilienea katika nyimbo za dansi za miaka ya 1980 hata kikawa kama chumvi. Mwaka 1991 watengenezaji walipokubaliana orodha ya sauti 128 ambazo vinanda vya kawaida vingekuwa nazo, iitwayo General MIDI, kishindo cha okestra kilipewa nafasi ya 56. Ogani ya kanisa ilipata nafasi ya 20, na kwaya ya sauti za watu nafasi ya 53. Vinanda vilivyotengenezwa kwa kufuata orodha hiyo vimesambaa duniani kote, hata vijijini kwetu. Kwaya iimbayo Pasaka chini ya bati mahali ambapo jina la Stravinsky halijapata kutajwa yaweza kuwa inamalizia ubeti kwa kivuli cha kivuli cha okestra yake.

Katika orodha hiyo hiyo Afrika yetu yaonekana kwa uchache. Kalimba ina nafasi ya 109, agogo ya Wayoruba ya 114. Marimba iko nafasi ya 13, lakini ni marimba ya okestra za Ulaya na Marekani. Jina ni la Kibantu, sauti imehama. Zeze la Wagogo halimo, wala nyatiti. Hakuna aliyekaa kitako kuwadharau Wagogo. Orodha iliandikwa na wauzaji waliokuwa wakiwazia wateja wao, na sisi tulikuwa wateja wa mbali. Lakini matokeo yake ni kwamba kijana ajifunzaye muziki kwa kinanda hicho hukuta koto ya Wajapani chini ya kidole chake kabla ya kukuta ala ya babu yake.

Amri ya Saba mahakamani

Kadiri vinanda vya sampuli vilivyopungua bei, watunzi walianza kuchukua vipande vya rekodi za wengine vilivyo kamili: mpigo wa ngoma, mlio wa gitaa, nusu ya kiitikio. Tarehe 17 Desemba 1991, mjini New York, Jaji Kevin Thomas Duffy alitoa uamuzi katika shauri la Grand Upright Music dhidi ya Warner Bros. Records. Mwanamuziki Biz Markie alikuwa ametumia kipande cha wimbo wa Gilbert O'Sullivan pasipo kibali. Jaji alianza hukumu yake si kwa sheria ya Marekani bali kwa amri ya Mungu inayokataza wizi, kutoka Kutoka sura ya 20, akaagiza pia shauri lipelekwe kwa mwendesha mashtaka. Ndugu zetu wa mapokeo ya Reformed wangeiita Amri ya Nane. Kwetu, kwa hesabu ya Katekisimo, ni ya Saba. Tangu siku ile kampuni za muziki zikaanza kuomba vibali na kulipia vipande.

Je, haki ikatendeka? Hapa ndipo historia inapotutatiza. Mwaka 1969 bendi ya The Winstons ilirekodi, upande wa pili wa santuri yake, wimbo usio na maneno uitwao "Amen, Brother". Ulijengwa juu ya wimbo wa injili "Amen", ambao Jester Hairston, mjukuu wa watumwa, aliutengeneza kwa ajili ya filamu ya mwaka 1963, Lilies of the Field. Katikati ya wimbo wenzake walinyamaza na mpiga ngoma, Gregory Coleman, akapiga peke yake kwa sekunde 7 hivi. Sekunde hizo zilichukuliwa, zikakatwa, zikaharakishwa, zikapangwa upya, na zimetumika katika maelfu ya rekodi. Aina nzima za muziki wa dansi wa Uingereza katika miaka ya 1990 zilisimama juu yake. Coleman hakupata kitu. Alifariki mwaka 2006, na kwa ushuhuda wa kiongozi wa bendi, Richard Spencer, alikuwa fukara asiye na makao. Spencer mwenyewe hakupata mrabaha wowote, kwa sababu alipojua kilichotendeka muda wa kushtaki kisheria ulikuwa umepita. Mwaka 2015 waliotumia sampuli ile huko Uingereza walichanga kiasi cha pauni 24,000 wakampelekea. Alizipokea kwa furaha. Alifariki mwaka 2020.

Mahakama ya New York ilimlinda mwenye hati. Haikuwa na jicho la kumwona mpiga ngoma, maana kwa sheria ya hakimiliki mtunzi ana hati na kampuni ya rekodi ina hati, bali aliyepiga kwa mikono yake hana ila ujira wa siku ile. Katekisimo yaenda mbali kuliko jaji. Katika maelezo ya mwaka 1529 Luther hatosheki na kutochukua mali ya jirani. Adai tumsaidie jirani kuitunza na kuiongeza. Katika Katekisimo Kubwa aliwashambulia kwa ukali wale wanaoiba kwa adabu, sokoni. Waliotumia ngoma za Coleman hawakuvunja mlango wa mtu. Wengi hawakujua jina lake. Lakini Yakobo katika waraka wake (5:4) asema kwamba ujira uliozuiliwa wenyewe hupaza sauti, na hakuna mahali ambapo neno hilo limekuwa halisi kuliko hapa: ujira wa Coleman umesikika katika vilabu vya usiku vya dunia nzima.

Mwimbaji wa Malaita

Kisa cha pili ni kizito zaidi, kwa kuwa chagusa na Amri ya Nane, ile ya ushuhuda wa uongo. Kati ya mwaka 1969 na 1970 mtafiti wa muziki Hugo Zemp alinasa nyimbo katika kisiwa cha Malaita, Visiwa vya Solomon, katika bahari ya Pasifiki. Mwanamke mmoja aitwaye Afunakwa, wa watu wa Baegu, alimwimbia wimbo wa kubembeleza: mtoto mkubwa amtuliza mdogo wake alialo, maana wazazi wao hawapo tena. Rekodi ilitolewa mwaka 1973 katika mfululizo wa UNESCO. Mwaka 1992 Wafaransa wawili waliojiita Deep Forest, Michel Sanchez na Eric Mouquet, waliichukua sauti ya Afunakwa, wakaizungushia vinanda na mashine ya ngoma, wakauita "Sweet Lullaby". Albamu yao iliuzwa kwa mamilioni na wimbo ukasikika hata katika matangazo ya biashara.

Albamu ile ilitangazwa kuwa sauti ya Mbilikimo wa misitu ya Afrika ya Kati. Hivyo yatima wa Malaita waliimbwa mbele ya dunia kama watoto wa Kongo. Kosa halikuishia hapo: mwaka 1996 mpuliza saksafoni wa Norwe, Jan Garbarek, aliupiga wimbo huo huo katika albamu yake kwa jina linalomaanisha wimbo wa kubembeleza wa Mbilikimo. Mwaka ule ule Zemp alitoa malalamiko yake katika jarida la wataalamu, na mwaka 2000 Steven Feld akaandika uchunguzi mrefu juu ya jambo hilo. Kwa sheria za hakimiliki Afunakwa hakuwa na dai, kwa sababu wimbo wake ni wa mapokeo, usio na mtunzi aliyesajiliwa. Tunaposema "wa mapokeo" mara nyingi twamaanisha kwamba ni wa kila mtu. Watu wa Baegu walimaanisha kwamba ni wao.

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba wimbo ule ungebaki mafichoni, na kwamba dunia imeubariki kwa kuupenda. Twakubali kwamba dunia iliupenda. Lakini upendo usiouliza jina la mpendwa ni upendo wa namna gani? Jina la Afunakwa lilikuwa limechapishwa pamoja na rekodi ya Zemp; haikuhitajiwa safari ya Malaita ili kulijua.

Ogani ndani ya kompyuta

Ingekuwa dhuluma kuacha habari hapa, kana kwamba kunasa ni kupora siku zote. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kinanda cha sampuli kiliacha kuwa kisanduku, kikawa programu ndani ya kompyuta ya kawaida, na ndiyo maana siku hizi husemwa ala pepe: hakuna ala, kuna faili za sauti na vibonyezo vya kuziamsha. Mwaka 1996 kampuni ya Steinberg ya Hamburg ilitoa mfumo wa VST wa kuchomeka programu ndogo ndani ya kubwa, na mwaka 1999 ikaupanua ili ubebe ala. Mwaka 1998 programu ya GigaSampler iliwezesha kusoma sampuli moja kwa moja kutoka diski kuu, hata noti moja ya piano ikaweza kunaswa ikififia hadi mwisho. Mwaka 2000, Herb Tucmandl, mpiga cello wa Vienna, alianzisha maktaba ya sampuli za okestra ambamo kila ala hunaswa noti kwa noti, kwa wororo na kwa nguvu. Katika filamu na televisheni mtunzi asiye na fedha za okestra hutumia maktaba za namna hii. Kampuni ya Spitfire Audio ya London, iliyoanzishwa mwaka 2007, ilijitangaza kuwa inawagawia wapigaji wake sehemu ya mapato ya mauzo. Ni vema kujua kwamba jambo hilo lawezekana.

Kwa upande wa ogani, mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mwingereza Martin Dyde alitoa programu aliyoiita Hauptwerk, kwa jina la sehemu kuu ya ogani ya Kijerumani. Watengenezaji wa sampuli huenda kanisani usiku, magari yakiwa yametulia, wakanasa kila bomba peke yake, pamoja na mwangwi wa kuta baada ya kibonyezo kuachwa. Ogani ya Zwolle, Uholanzi, iliyokamilishwa na wana wa Schnitger mwaka 1721 miaka miwili baada ya kifo cha baba yao, ina safu 64 za sauti. Hesabu ya mabomba ni ya maelfu, na kazi ya kuyanasa ni ya utawa. Mwanafunzi aliye mbali na Uholanzi aweza kuipiga chumbani mwake.

Tukikumbuka kwamba usiku wa kuamkia Jumapili ya Matawi mwaka 1942 mabomu yaliteketeza kanisa la Mt. Maria la Lübeck pamoja na ogani aliyoipiga Dietrich Buxtehude, ambaye Bach kijana alitembea kwa miguu kutoka Arnstadt mwaka 1705 ili kumsikia, hatuwezi kudharau kazi ya kuhifadhi sauti. Na baada ya vumbi la tarehe 11 Septemba 2001 kuiharibu ogani ya kanisa la Trinity, Wall Street, kanisa hilo lilifunga mwaka 2003 ogani ya sampuli ya Marshall & Ogletree, ikahudumu kwa miaka mingi. Baadaye waliagiza tena ogani ya mabomba. Hawakusema kwamba sampuli ilikuwa dhambi, walitaka upepo.

Bomba la bati halidai ujira. Ndiyo sababu twaona kwamba kuinasa ogani na kuwanasa waimbaji si jambo moja, ijapokuwa kompyuta haitofautishi. Mwaka 2005 kampuni ya EastWest ya Marekani ilitoa maktaba ya kwaya yenye programu ambayo mtumiaji huandika maneno, na kwaya iliyonaswa huyaimba. Waimbaji waliimba silabi studioni. Maneno huja baadaye, kwa mkono wa mtu wasiyemjua. Waweza kuandika tangazo la sabuni, na wataliimba. Waweza pia kuandika Ukiri wa Imani, nao wataimba kwamba wanaamini. Kanisa limefundisha tangu mwanzo kwamba kukiri ni tendo la kinywa na moyo wa mtu (Warumi 10:9–10). Katika kwaya hii kinywa kipo na moyo haukuulizwa. Kwa maoni yetu, muziki wa namna hii wafaa kumwonyesha mwalimu wa kwaya jinsi utunzi wake utakavyosikika kabla ya mazoezi, wala si kusimama ibadani mahali pa wale ambao wangeweza kuimba. Mchungaji aletewaye kaseti au faili ya kwaya ili aibariki hana budi kuuliza ni nani waliomo ndani yake.

Tumalizie karibu na nyumbani. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mnasaji maarufu wa muziki wa Afrika, alifika Kapkatet, nchi ya Wakipsigis nchini Kenya, akanasa wasichana wakiimba wimbo uitwao "Chemirocha". Jina hilo lilikuwa jina la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huko; wasichana walimwimba kama kiumbe wa ajabu, nusu mtu nusu swala. Sauti ya Mmarekani ilikuwa imefika bila mwili, nao wakaupatia mwili. Rekodi za Tracey zilihifadhiwa katika maktaba ya ILAM huko Afrika Kusini, aliyoianzisha mwaka 1954. Katikati ya miaka ya 2010 watumishi wa maktaba hiyo, pamoja na wanamuziki wa Nairobi, walipanda na nakala hadi Kapkatet, wakatafuta nyumba kwa nyumba waimbaji waliobaki na jamaa zao, wakawakabidhi sauti zao.